Je, betri ya moyo ya mzee inaweza kudukuliwa?

SWALI: Baba yetu ana miaka 68 na anaishi Mpwapwa. Mwezi wa tatu aliwekewa betri ya moyo kwa sababu mapigo yalikuwa yakishuka hadi anaanguka. Tulipewa na kisanduku cha kuweka karibu na kitanda, kinachotuma taarifa hospitalini. Mdogo wangu akamwonyesha video inayosema mtu mwenye kompyuta anaweza kuizima betri hiyo akiwa barabarani. Tangu hapo mzee amechomoa kisanduku, simu hataki imkaribie, na kliniki ya mwezi ujao anasema haendi maana "huko ndiko wanakoifungulia". Mimi niko Nkuhungu, Dodoma mjini. Ukweli ni upi, na tufanye nini?

JIBU: Kisanduku kirudisheni kwenye soketi leo hii, na kliniki mzee aende. Hayo mawili hayasubiri. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, pamoja na maswali ya kubeba mtakapokwenda hospitalini. Mfikishie mzee shikamoo, na umwambie hofu yake si ya kuchekwa. Ina chanzo, ila imeelekezwa pasipo.

Video haikutunga kila kitu. Udhaifu wa vifaa hivi umethibitishwa maabara zaidi ya mara moja, na watengenezaji wenyewe wamekiri na kutoa marekebisho. Kilichoachwa nje ya video za namna hiyo ni umbali, muda na zana zinazohitajika, na kwamba kila mara FDA, yaani mamlaka ya Marekani inayosimamia vifaa tiba, ilipotangaza udhaifu wa betri hizi, ilisema haikuwa na taarifa ya mgonjwa aliyedhuriwa na mdukuzi. Wagonjwa wa betri ya moyo wanaoumia huumia kwa sababu za kawaida kabisa: betri iliyoisha bila mtu kujua, waya uliohama mahali pake, kidonda kilichoingia vijidudu, kliniki zilizorukwa.

Tunaiita betri, lakini kilicho chini ya ngozi ya mzee, karibu na mtulinga, ni kompyuta ndogo ndani ya kopo la titani lenye uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi. Ndani mna betri ya lithiamu, saketi, kumbukumbu na antena. Kutoka hapo waya mmoja au nyaya mbili hupita kwenye mshipa hadi ndani ya moyo. Kompyuta hiyo husikiliza, na moyo ukichelewa kupiga kuliko kiwango kilichowekwa, tuseme mapigo 60 kwa dakika, huusukuma kwa umeme kidogo sana. Betri hukaa kati ya miaka 6 na 12 hivi, kutegemea aina na kazi inayoifanya, na haichajiwi.

Hilo la kutochajiwa ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya tatizo la usalama. Kila hesabu ya usimbaji fiche, yaani kuficha ujumbe usisomwe na asiyehusika, na kila dakika ya redio inakula betri, na betri ikiisha mtu anarudi chumba cha upasuaji. Kwa miaka mingi watengenezaji walichagua betri idumu. Kufuli likawekwa dhaifu au halikuwekwa kabisa. Sababu ya pili ni dharura. Mzee akizimia safarini Kongwa na kufikishwa hospitali akiwa hajitambui, daktari mwenye mashine inayofaa anatakiwa akisome kifaa papo hapo. Kikidai nywila iliyo kwa mtaalamu mmoja tu aliyekwenda likizo, ulinzi umegeuka kuwa hatari. Wahandisi wamelibishania jambo hili kwa muda mrefu, na suluhisho linalotumika sana ni kuufanya ukaribu wenyewe kuwa ufunguo: anayeweza kugusa kifua cha mgonjwa ndiye anayeruhusiwa kufungua mazungumzo.

Kuna njia tatu ambazo kifaa kama hicho huongea na ulimwengu wa nje. Ya zamani zaidi ni ya koili: muuguzi au fundi sanifu anaweka kichwa cha kusomea juu ya ngozi, na mawasiliano yanapita sentimita chache tu. Ya pili ni redio ya masafa ya 402 hadi 405 megahezi, yaliyotengwa kwa ajili ya vifaa vya ndani ya mwili. Nguvu yake imewekewa ukomo wa mikrowati 25. Simu ya kawaida inaweza kutoa miliwati 200, yaani mara 8,000 ya hiyo. Ndiyo maana mlielekezwa kisanduku kikae karibu na kitanda, mita 2 au 3, wala si sebuleni. Ya tatu ni Bluetooth ya nguvu ndogo, iliyoanza kuonekana kwenye betri za moyo karibu mwaka 2017, ambapo simu ya mgonjwa inachukua nafasi ya kisanduku. Kwa kuwa mlipewa kisanduku, huenda ya mzee ni ya njia ya pili, lakini hilo lithibitishwe kwenye kadi yake.

Sasa udukuzi wenyewe. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na Massachusetts, wakiwamo Kevin Fu na Tadayoshi Kohno, wakishirikiana na daktari wa moyo William Maisel, waliichukua difibrileta ya kupandikizwa, ile inayoushtua moyo ukienda mbio kupita kiasi, wakaiweka mezani bila mgonjwa. Kwa vifaa vya redio vya maabara waliweza kusoma taarifa za mgonjwa zilizokuwa ndani yake, kubadilisha mpangilio wa tiba, na kuiamuru itoe mshtuko. Mawasiliano hayakuwa yamesimbwa. Umbali: sentimita chache. Mwaka 2012 Barnaby Jack alionyesha kwenye mkutano huko Melbourne akikilazimisha kifaa cha moyo kitoe volti 830 kutoka kompyuta iliyokuwa mita kadhaa. Huenda video ya mdogo wako imetoka katika ukoo wa onyesho hilo. Limenakiliwa na kupambwa mara nyingi.

Wengi hutaja pia habari ya Dick Cheney, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani. Mwaka 2013 alieleza hadharani kwamba kifaa chake kilipobadilishwa mwaka 2007 daktari wake alizimisha uwezo wa mawasiliano ya redio. Ni kweli. Lakini yeye alikuwa mtu ambaye nchi nzima zingeweza kutaka afe, mwenye madaktari waliomzunguka usiku na mchana. Hakuhitaji kisanduku kitandani. Mzee wa Mpwapwa aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka kwa daktari wake wa moyo anakihitaji, kwa hiyo ushauri uliomfaa Cheney haumfai yeye.

Tukio linalowahusu zaidi ni la mwaka 2017, na inafaa kulielewa vizuri kwa sababu siku moja mnaweza kuulizwa mwamue jambo kama hilo. Mwaka uliotangulia, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa imeweka dau kwamba hisa za mtengenezaji St. Jude Medical zitaporomoka ilitangaza kuwa vifaa vyake vina mianya. Nia yao haikuwa ya kitabibu, tuseme wazi, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha mianya ipo. Januari 2017 FDA ilitoa tahadhari kuhusu kisanduku cha nyumbani cha kampuni hiyo, na kisanduku kikarekebishwa kupitia mtandao bila mgonjwa kutoka nyumbani. Ilitosha kiwe kimechomekwa. Vilivyochomolewa havikupata marekebisho hayo. Agosti mwaka huohuo ikaja zamu ya betri zenyewe, takriban 465,000 nchini Marekani peke yake. Kampuni ilikuwa tayari imenunuliwa na Abbott.

Betri haikuweza kurekebishwa kutoka mbali, na hilo lilikuwa la makusudi: mgonjwa alilazimika kwenda kliniki, kichwa cha kusomea kiwekwe kifuani, na programu ya ndani ibadilishwe. Kazi yenyewe ilichukua kama dakika 3, na katika dakika hizo kifaa kilipiga kwa mpangilio wa akiba wa mapigo 67 kwa dakika. Hatari zake zilitangazwa kwa tarakimu: kwa uzoefu wa awali wa kampuni, asilimia 0.161 ya masasisho yaliishia kurudi kwenye programu ya zamani, asilimia 0.023 yalipoteza mpangilio uliokuwa umewekwa, na asilimia 0.003 kifaa kilipoteza kazi kabisa. Yaani watu 3 kati ya 100,000. Kwa mtu ambaye moyo wake haupigi kabisa bila betri, ilipendekezwa kazi ifanyike mahali penye vifaa vya kuusukuma moyo kwa muda kutoka nje.

Hapo unaona mizani halisi. Upande mmoja shambulio ambalo hakuna taarifa kwamba limewahi kumdhuru mtu. Upande wa pili marekebisho yenye hatari ndogo lakini inayojulikana. Baadhi ya madaktari waliwaambia wagonjwa wao wasubiri hadi siku ya kubadilisha betri. Haukuwa uzembe. Kwa hiyo msishangae mkiuliza kuhusu sasisho na daktari akawaambia litasubiri. Cha kudai ni sababu, na iandikwe kwenye faili.

Miaka 2 baadaye, Machi 2019, Marekani ilitoa tahadhari nyingine, safari hii kuhusu redio ya difibrileta za mtengenezaji mwingine, Medtronic, iliyokuwa haithibitishi anayeongea nayo ni nani wala haikusimba mazungumzo. Betri za kawaida za kusukuma mapigo, kama ya mzee, hazikuwamo. Tahadhari hiyo ilitaja masharti ambayo mshambuliaji angepaswa kuyatimiza: awe karibu, mita chache, awe na kifaa cha redio kinachojua lugha ile, na redio ya mgonjwa iwe imeamka wakati huo. Redio hizi hulala muda mwingi ili kuokoa betri.

Na hapa mzee ana hoja kidogo anaposema kliniki ndiko wanakoifungulia. Ni kweli kwamba redio huamshwa kliniki, na mara nyingi kuamshwa kwake huanza na kile kichwa cha koili kilichowekwa kifuani. Lakini hilo ndilo kufuli lenyewe. Haiamshwi na mpita njia aliyeko Barabara ya Tisa. Inaamshwa na mtu aliyegusa kifua chake, ndani ya chumba, kwa dakika chache, mbele ya macho yenu.

Ukiniuliza udhaifu ninaouogopa zaidi kwa mazingira yetu, sitataja redio. Nitataja kompyuta za kupangia, zile mashine za kliniki zinazoweza kubadilisha mpangilio wa betri. Kila mtengenezaji ana yake, na ya huyu haisomi kifaa cha yule. Mwaka 2017 Billy Rios na Jonathan Butts walichunguza mashine za watengenezaji 4, baadhi wakizinunua mnadani mtandaoni, wakakuta zaidi ya mianya 8,000 inayojulikana kwenye vipande vya programu vya watu wengine vilivyotumika kuziunda. Waligundua pia kwamba mashine haikumtaka daktari ajitambulishe, na betri haikuuliza mashine ni ya nani. Kwa maneno mengine, aliye na mashine anaweza kuongea na betri yoyote ya kampuni hiyo. Oktoba 2018 Medtronic ilifunga mtandao uliokuwa ukisambaza masasisho kwa mashine zake baada ya watafiti haohao kuonyesha mwanya, na kazi ikawa inafanywa kwa flashi inayoletwa na mtu wa kampuni.

Kwetu mashine hizi ni chache, ni ghali, na nyingine hupatikana kama msaada zikiwa zimeshatumika. Mashine ya zamani isiyosasishwa, iliyoachwa juu ya meza kwenye chumba kisichofungwa, au iliyochomekwa flashi iliyotoka kwenye kompyuta ya ofisi, ni mlango mpana kuliko redio ya mikrowati 25. Wala si lazima pawe na mtu mwenye nia mbaya. Kirusi cha kawaida kinachofunga mafaili na kudai fidia, kama kile kilichovuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, kinatosha kuifanya mashine isiwake siku mzee anapoihitaji. Hiyo ni kazi ya uongozi wa hospitali, si yenu, ila mgonjwa anayeuliza husaidia jambo kukumbukwa.

Sasa ya nyumbani. Kisanduku kiwekeni upande anaolala mzee, ndani ya mita 2, mbali kidogo na televisheni na friji. Kazi yake nyingi hufanyika usiku: kinaita betri, kinasoma hali yake, kinapeleka hospitalini kwa mtandao wa simu au intaneti. Kwa kawaida visanduku vya betri za moyo husoma tu, havibadilishi mpangilio wa tiba. Umeme wa Mpwapwa ukikatika usiku mmoja hakuna kinachoharibika, kitajaribu tena. Kukichomoa kwa wiki kadhaa ndiko kubaya, kwa sababu taarifa ya waya ulioanza kuleta shida au betri inayokaribia kuisha haitafika, na pia, kama ilivyokuwa mwaka 2017, masasisho ya usalama hayakifikii. Ikiwa kina laini ya simu ndani, watoto wasiitoe kuiweka kwenye simu ili kupata bando. Msikiazime, msikiuze, na kikibadilishwa kirudishwe hospitalini: baadhi ya watafiti waliovunja mifumo hii walianzia na kisanduku kilichonunuliwa mitumba.

Kama kliniki watawahamishia kwenye programu ya simu badala ya kisanduku, angalia simu yenyewe kwanza. Simu iliyoacha kupokea masasisho ya usalama miaka mingi iliyopita haifai. Pakueni programu kutoka duka rasmi la simu husika pekee, isije kwa kutumiwa WhatsApp. Wekeni namba ya siri, na simu hiyo isiwe ya kuzunguka nyumba nzima.

Simu kuwa karibu na mzee si jambo la udukuzi hata kidogo, ila kuna sababu ya kuitenga kidogo: sumaku. Sumaku ikiwekwa juu ya betri ya moyo huifanya ipige kwa mpangilio maalumu bila kusikiliza moyo, na kwa difibrileta huzuia kushtua. Madaktari huitumia kwa makusudi. Mwaka 2021 ilionekana kwamba simu zenye sumaku za kuchajia, kama iPhone 12, zinaweza kuleta hali hiyo zikiwekwa juu ya kifua, na FDA ikashauri simu na saa za namna hiyo zikae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye kifaa. Ikitolewa, mambo hurudi yalivyokuwa. Kwa mzee inatosha kutoweka simu mfuko wa shati upande wa betri, na kuongelea sikio la upande wa pili. Spika kubwa za muziki zisikumbatiwe wala kubebwa kifuani. Mtu anayechomelea geti awe hatua chache kutoka kwake, na mzee mwenyewe asichomelee kabla ya kuuliza kliniki. Jiko la umeme la sumaku, akae umbali wa sentimita 60. Injini ya gari au mashine ya kusaga ikiwa inaunguruma, asiiinamie. Kusimama kando kusubiri unga hakuna tatizo.

Dodoma ina milango ya ukaguzi kuliko miji mingi, kuanzia Mji wa Serikali Mtumba hadi bungeni na stesheni ya treni ya umeme. Apite kwa mwendo wa kawaida, asisimame katikati wala kuegemea nguzo, na aonyeshe kadi. Kama mlinzi anatumia kile kifimbo cha mkononi, aombe kisishikiliwe juu ya kifua, kipite tu, au apapaswe kwa mikono.

Kadi hiyo ndiyo hati muhimu kuliko zote. Ina jina la mtengenezaji, aina ya kifaa, namba ya utambulisho, tarehe ya kuwekewa, na aina ya nyaya. Bila hiyo, hospitali itakayompokea haitajua ilete mashine ya kampuni gani. Pigeni picha pande zote mbili, nakala iwe kwako na kwa ndugu mwingine mmoja. Ya asili itembee na mzee. Lakini msiiweke kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Namba ya kifaa peke yake haimwezeshi mtu kuizima betri, ila ikiwa pamoja na jina, hospitali na namba ya simu inampa tapeli kila anachohitaji.

Kwa sababu tapeli hana haja ya redio. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" akijua jina la kifaa na tarehe ya upasuaji, anaweza kupiga akijiita mhandisi wa hospitali: betri ya mzee imeonyesha hitilafu, tuma ada ya kuiwasha upya kabla ya saa 12 jioni. Mtu aliyekwisha kutishwa na video atatuma. Jueni basi kwamba betri ya moyo haiwashwi wala kuzimwa kwa malipo ya simu, haina usajili unaokatika, na hakuna marekebisho ya programu yake ambayo mtu anayafanya kwa kukuongoza kwenye simu. Ukipigiwa, kata, kisha wewe mwenyewe upige namba iliyoandikwa kwenye karatasi za kliniki.

Kuhusu taarifa zenyewe: zinazotoka kwenye kisanduku mara nyingi huhifadhiwa kwenye kompyuta za mtengenezaji nje ya nchi, kisha daktari huzifungua kutoka hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inaweka masharti ya kuzipeleka nje. Mnayo haki ya kuuliza zinakwenda wapi na nani anaziona. Muulize hivyo kwa upole. Wauguzi wengi hawajawahi kuulizwa na watahitaji kumtafuta anayejua.

Mtakapofika kliniki, andika maswali haya kwenye karatasi ili yasisahaulike mbele ya daktari. Kifaa cha mzee ni aina gani na kinatumia redio, Bluetooth au koili tu? Kimewahi kutajwa kwenye tahadhari yoyote ya usalama, na kama ndiyo, sasisho limewekwa au limeahirishwa kwa sababu gani? Moyo wa mzee unategemea betri kwa kiasi gani? Kiwango cha chini cha mapigo kimewekwa ngapi? Taarifa za kisanduku zinafika kwenu, na ni nani hasa anayezisoma, kila baada ya muda gani? Swali hili la mwisho lisirukwe. Kisanduku kinachotuma taarifa kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua ni pambo, na ni bora mlijue hilo mapema ili msikitegemee. Swali jingine ni hospitali ipi, kati ya Mpwapwa na Dodoma mjini, iliyo na mashine ya kampuni hiyo. Ikiwa jibu ni hakuna hadi Dodoma, basi mpango wa usafiri wa dharura upangwe sasa.

Ukaguzi wa kwanza kwa kawaida hufanyika ndani ya wiki 2 hadi 12 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miezi 3 hadi 12 kadiri daktari atakavyoona, na mara nyingi zaidi betri ikianza kuzeeka. Kifaa kikifikia alama ya "nibadilishwe" huwa kimebakiza miezi michache, mara nyingi takriban 3. Mtu asiyekwenda kliniki na asiyewasha kisanduku anaweza kuupita muda huo bila habari. Kwa mzee hiyo iko mbali, ila mazoea ya kuruka kliniki huanza mapema.

Nyumbani mfundisheni kuhesabu mapigo kifundoni mwa mkono, dakika nzima, akiwa ametulia. Yakiwa chini sana ya kiwango mlichoambiwa, rudieni baada ya dakika 10. Hesabu ya mkono hukosea mapigo dhaifu, na vifaa vingine huruhusiwa kushuka kidogo usiku, kwa hiyo namba ndogo bila dalili ni ya kupiga simu kliniki, si ya kukodi gari usiku. Kuzimia, kizunguzungu kikali, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kwikwi zisizokoma, au ngozi juu ya betri kuwa nyekundu, ya moto au kufunguka: hapo aende hospitali hata kama mapigo yanahesabika sawasawa.

Na mkishuku kabisa kwamba kifaa kimechezewa? Hakuna dalili ya udukuzi iliyo tofauti na hitilafu ya kawaida, kwa hiyo hatua ni zilezile: hospitali yenye mashine ya kampuni hiyo, kadi mkononi, na ombi kwamba kabla ya kurekebisha chochote wachapishe au wahifadhi mpangilio uliokutwa, tarehe ya mara ya mwisho kubadilishwa, na kumbukumbu za kifaa. Kikirekebishwa kwanza, ushahidi unaweza kupotea. Nakala moja muichukue. Hospitali inapaswa kumjulisha mtengenezaji na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hupokea taarifa za madhara na hitilafu za vifaa tiba. Nanyi wenyewe mnaweza kuipelekea. Iwapo kuna mtu mnayemshuku, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hilo ni la polisi, mkiwa na ile nakala.